Kukusanya Taa za Flashi kwa Bajeti Ndogo: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha West Nile

Usuli

Mpiga picha wa kisa hiki anafanya kazi katika mji mmoja wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, ambako mazungumzo mengi ya sokoni huendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu wanunuzi na wauzaji hutoka pande zote za mpaka. Hana studio. Huitwa harusini, kwenye ubatizo, kwenye maulidi, kwenye mahafali na majumbani mwa watu, naye hulazimika kupiga picha katika mwanga wowote anaoukuta huko. Jina lake, jina la mji na jina la chuo kilichompa kazi yameondolewa; aina ya kamera, bei alizolipa na mfuatano wa maamuzi yake vimebaki kama vilivyokuwa, kwa kuwa ndivyo vyenye mafunzo.

Kamera yake ilikuwa Canon 2000D aliyoinunua ikiwa imetumika, pamoja na lenzi ya 18–55 iliyokuja nayo na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba ya f hupima tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga unaoingia ni mwingi). Kwa miaka kadhaa alitegemea jua na flashi ndogo inayojiinua juu ya kamera yenyewe. Matokeo yake yanajulikana kwa yeyote aliyefanya kazi hii katika nchi zilizo karibu na ikweta: saa sita mchana jua huwa karibu utosini, macho hufunikwa na kivuli cha paji la uso, na ndani ya kumbi zenye taa za mirija nyuso hugeuka kijani huku picha zikijaa chembe kwa sababu ya ISO (kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga) ya 3200. Flashi ya kamera ilipotumika iling'arisha paji la uso na pua, ikafuta umbo la mashavu, na kuacha ukuta wa nyuma ukiwa giza tupu.

Chuo kimoja cha mafunzo kilimtaka apige picha ya kila mhitimu akiwa katika joho, mmoja mmoja, ndani ya ukumbi wa chuo, kisha picha za makundi nje mara baada ya sherehe. Wahitimu walizidi mia moja. Mama aliyesimamia maandalizi hakuzungumza habari za vifaa. Alimwambia tu, "Mwanangu, mwaka jana joho lilionekana na uso haukuonekana. Tunataka mzazi akiitazama picha amtambue mtoto wake." Sentensi hiyo ilieleza hitaji la kitaalamu kwa usahihi kuliko orodha yoyote ya vifaa: ngozi nyeusi, joho jeusi na shati jeupe katika picha moja, vyote vikiwa na umbo, na kila picha ikifanana na nyingine kuanzia mhitimu wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa kazi hiyo flashi lazima itoke juu ya kamera na kuwekwa pembeni, juu kidogo ya usawa wa macho.

Fedha alizokuwa nazo zilikuwa shilingi 850,000, na muda uliobaki ulikuwa wiki sita.

Ununuzi wa kwanza

Uamuzi wake wa kwanza ulifuata ushauri ambao wapiga picha wengi wa Kampala huupata na kuupokeza: nunua flashi za mkono zilizotumika, yaani zile ambazo mpiga picha huziwekea nguvu mwenyewe, kwa kuwa flashi isiyo na TTL (mfumo ambao kamera hupima mwanga na kuamua nguvu ya flashi yenyewe) ni nafuu na hudumu. Ushauri huo una msingi. David Hobby, mpiga picha wa gazeti huko Marekani, alianza mwaka 2006 kuwafundisha watu kwamba flashi mbili ndogo zinazorekebishwa kwa mkono, stendi nyepesi na mwavuli mweupe vinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya taa za studio, na mamilioni ya picha zilizopigwa tangu hapo zimethibitisha jambo hilo.

Kupitia rafiki aliyekuwa Kampala alinunua flashi mbili za Yongnuo YN560 III kwa shilingi 120,000 kila moja, seti ya triga ya redio (kifaa cha kuwashia flashi iliyo mbali na kamera) isiyo na jina maarufu kwa 65,000, stendi mbili, kishikio na mwavuli mmoja kwa 135,000, na betri za alkali za 20,000. Jumla ikawa 460,000. Muuzaji aliviwasha vyote mbele ya rafiki yule kwa kutumia kamera yake ya dukani, vikafanya kazi, vikafungwa kwenye boksi na kupakiwa kwenye basi la usiku.

Vilipofika na kufungwa kwenye Canon 2000D, hakuna flashi iliyowaka.

Kutafuta chanzo

Hatua hii ilifanywa kwa utaratibu mzuri sana, na inafaa kuigwa. Kabla ya kumpigia simu muuzaji kwa hasira, mpiga picha alitenganisha kila kiungo cha mnyororo. Alibonyeza kitufe cha majaribio kilicho kwenye flashi: ikawaka. Alibonyeza kitufe cha majaribio kwenye triga: flashi zote mbili zikawaka kutoka upande wa pili wa chumba, kwa hiyo redio ilikuwa nzima. Kisha aliazima kamera ya Canon ya zamani zaidi kutoka kwa mpiga picha mwenzake, akaichomekea triga ileile, na kila alipobonyeza kitufe cha kupiga picha flashi ziliwaka. Kilichobaki kushukiwa kilikuwa kamera yake mwenyewe.

Hapo ndipo alipotazama kwa makini mahali pa kuchomekea flashi juu ya kamera hiyo na kuona kwamba kile kigusio kikubwa cha katikati hakipo. Baadhi ya kamera za bei nafuu za Canon, zikiwemo 2000D na 250D, zilitengenezwa bila kigusio hicho. Flashi na triga rahisi za mkono hutegemea kigusio cha katikati pekee: kamera inapofungua shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia), mzunguko hufungwa kati ya kigusio hicho na kingo za chuma, na flashi huwaka. Kamera isiyo nacho huwasiliana tu na kifaa kinachoelewa lugha ya Canon inayopita kwenye vigusio vidogo. Muuzaji hakudanganya, alijaribu kwa kamera iliyokuwa na kigusio.

Waya mrefu wa kuunganisha kamera na flashi, ambao wengi hushauri kama suluhisho la bei rahisi, usingemsaidia, kwa kuwa waya hubeba tu ishara zinazotoka kwenye kamera, na ishara ya kigusio cha katikati haikuwepo tangu mwanzo.

Suluhisho la muda na mipaka yake

Flashi za YN560 III zina jicho linaloweza kuona mwanga wa flashi nyingine na kuwaka pamoja nao, likiwa na hali mbili. Katika S1 flashi huwaka kwa mweko wa kwanza inaouona. Katika S2 huupuuza mweko wa awali, ule ambao flashi ya kamera huutoa kupima mwanga kabla ya picha yenyewe. Kwa kuwa flashi ndogo ya 2000D hutoa mweko huo wa awali, aliweka S2, akafunika flashi ya kamera kwa kipande cha karatasi nyeupe ili mwanga wake usiharibu uso wa mtu, na kwa mara ya kwanza akapiga picha yenye mwanga wa pembeni.

Alijaribu njia hii katika sherehe moja ya ubatizo kabla ya siku ya chuo. Ndani ya nyumba ilifanya kazi vizuri. Lakini wageni walipoanza kupiga picha kwa flashi za kamera zao, flashi zake ziliitikia kila mweko, betri zikaisha mapema, na mara kadhaa flashi ilikuwa bado inajaza umeme wakati alipoihitaji. Nje, chini ya jua, jicho la flashi lilishindwa kuona mweko mdogo wa kamera lilipokuwa mbali kwa zaidi ya hatua chache. Hitimisho lake lilikuwa sahihi: njia hiyo ingefaa kama akiba, lakini kuitegemea kwa wahitimu zaidi ya mia moja kungekuwa hatari.

Uamuzi wa pili

Nilishirikishwa katika hatua hii, na mbele yetu kulikuwa na njia mbili za kweli. Ya kwanza ilikuwa kubadilisha kamera, jambo lililokuwa na gharama kubwa zaidi. Ya pili ilikuwa kununua triga iliyotengenezwa mahususi kwa Canon, ambayo huzungumza na kamera kupitia vigusio vidogo, pamoja na flashi yenye kipokezi cha redio ndani yake.

Alichagua triga ya Godox X2T ya Canon na flashi moja ya Godox TT600, vyote kwa 560,000, akaongeza betri za kuchajiwa za NiMH na chaja kwa 110,000. Safari hii alimtaka muuzaji kwanza atafute kamera ya 2000D, asasishe programu ya triga, afyatue, na amtumie video kabla ya fedha kutumwa. Muuzaji mmoja alikataa. Wa pili akakubali, naye ndiye aliyepata biashara hiyo.

TT600 yenyewe ina kigusio cha katikati tu, hivyo isingewaka kama ingechomekwa moja kwa moja juu ya 2000D. Kwa kuwa ingekaa kwenye stendi na kuitikia redio, hilo halikuwa na uzito.

Flashi za zamani hazikutupwa. Ziliwekwa katika S1, zikawa zinaitikia mweko wa TT600, ambao ni mkali kuliko ule wa flashi ya kamera na hauna mweko wa awali. Seti ya triga ya kwanza aliiuza kwa 45,000 kwa yule mwenzake mwenye kamera ya zamani.

Jumla ya manunuzi ikafika 1,130,000, yaani 280,000 zaidi ya bajeti, na pengo hilo alilikopa kutoka kikundi chake cha kuweka akiba.

Maandalizi ya mwanga

Sehemu hii haikugharimu fedha nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoamua ubora wa picha.

Katika majaribio ya kwanza uso ulipoonekana mweusi aliongeza nguvu ya flashi. Uso haukupendeza zaidi. Ulipata madoa meupe kwenye paji na pua, huku mashavu yakibaki vilevile. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake hasa kwa mng'ao unaorudishwa na uso wake, na ukubwa wa mng'ao huo hutegemea ukubwa wa chanzo cha mwanga kama kinavyoonekana kutoka alipo mtu. Flashi ndogo iliyo mbali hutoa mng'ao mdogo na mkali. Mwavuli ulio karibu hutoa mng'ao mpana na laini unaofuata mfupa wa shavu. Kwa hiyo mwavuli ulisogezwa hadi kama mita moja na robo kutoka usoni, nguvu ikapunguzwa hadi robo, na mwavuli ukageuzwa kidogo ili ukingo wa mwanga, badala ya kitovu chake, ndio umguse mhitimu. Upande wa pili liliwekwa jopo jeupe alilolitengeneza mwenyewe kwa mabomba ya plastiki ya maji na kitambaa cha bafta, likirudisha mwanga wa kutosha kuonyesha mstari wa taya.

Kusogeza taa kulileta faida ya pili. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo, yaani hupungua kwa stopu mbili (stopu moja ni kupungua kwa nusu). Ukuta uliokuwa mita tatu nyuma ya mhitimu ulipokea mwanga kidogo sana, kwa hiyo uchafu na nyufa zake zilipotea. Ila kofia nyeusi na joho jeusi navyo vilianza kumezwa na giza hilo. Hapo ndipo Yongnuo moja ilipopata kazi yake ya kudumu: iliwekwa sakafuni nyuma ya kiti, ikiangaza ukuta kwa nguvu ndogo, na mabega yakatengana na mandhari.

Kamera iliwekwa ISO 200, f/5.6 na shata 1/160 ya sekunde. Kasi ya juu kabisa ya shata ambayo 2000D huweza kuitumia na flashi kwa kawaida ni 1/200. Hatua moja chini yake iliachwa kwa usalama. Katika mipangilio hiyo taa za mirija za ukumbi hazikuwa na athari inayoonekana, na rangi ya kijani ikatoweka bila kuhaririwa.

Betri pia zilihitaji hesabu. Mtengenezaji hutaja miweko kama 230 ya nguvu zote kwa betri nne za NiMH za 2500 mAh. Katika robo ya nguvu kila mweko hutumia sehemu ndogo zaidi, kwa hiyo seti moja ilitosha kwa ukumbi wote, na flashi ilijaza umeme kabla mhitimu aliyefuata hajaketi. Betri za alkali zina volti nyingi zaidi zikiwa mpya, lakini haziwezi kutoa umeme mwingi kwa haraka, na ndiyo sababu kwenye ubatizo flashi ilichelewa zaidi kila saa ilivyopita. Zote zilichajiwa siku mbili kabla, kwa kuwa umeme hukatika bila taarifa.

Siku ya kazi

Ndani ya ukumbi kazi ilikwenda bila tukio. Alama ya utepe iliwekwa sakafuni kwa ajili ya kiti, nyingine kwa miguu ya stendi, na kamba fupi iliyofungwa kwenye stendi ilitumika kupima umbali hadi kidevuni kila baada ya wahitimu wachache. Kwa sababu flashi ilikuwa ya mkono, picha ya kwanza na ya mwisho zilikuwa na mwanga uleule, jambo ambalo TTL isingeahidi, kwani hubadilisha nguvu kila shati jeupe linapojitokeza zaidi au kidogo kwenye joho.

Nje kulikuwa na tatizo. Waandaaji walitaka makundi yapigwe picha mbele ya bango lililokuwa juani. Katika jua kamili, ISO 100 na shata 1/200 huhitaji takriban f/11. Namba elekezi ya TT600 (kipimo cha nguvu ya flashi, ambacho ukikigawanya kwa namba ya f hukupa umbali wa mita inakofika) ni 60, lakini hiyo ni pale mwanga unapobanwa kwa zumu ya milimita 200. Ukigawanya 60 kwa 11 unapata mita tano na nusu, kwa boriti nyembamba isiyotosha kundi la watu ishirini. Ukiipanua boriti au kuiweka mwavuli, nguvu hiyo huyeyuka. Hali ya shata ya kasi kubwa, inayoruhusu kuzidi kikomo cha 1/200 na ambayo TT600 inaiweza ikiwa mbali na kamera, isingeongeza chochote, kwani hupunguza nguvu ya flashi kwa kiasi kikubwa.

Alimweleza mama msimamizi kwa heshima kwamba chini ya miembe iliyokuwa hatua chache pembeni nyuso zingeonekana. Alikubali, bango likahamishwa. Kivulini mwanga ulipungua kwa stopu kadhaa, na TT600 pamoja na Yongnuo moja, zote bila mwavuli na zikiwa juu kwenye stendi, zilitosha kujaza macho ya safu mbili za watu.

Kati ya kundi la pili na la tatu upepo wa mvua ulivuma. Stendi moja ilikuwa imewekewa mwavuli kwa ajili ya picha ya familia iliyoombwa ghafla, na mifuko ya mchanga aliyoshonewa na fundi cherehani kwa turubai ilikuwa imeachwa ukumbini. Stendi ilianguka. Mbavu mbili za mwavuli zilivunjika na kishikio kikapinda. Flashi ilisalimika kwa sababu iliangukia nyasi. Kuanzia hapo binamu yake alikaa akiishika stendi.

Matokeo

Picha za ukumbini zilikabidhiwa zote bila hata moja kurudiwa. Za makundi zilikubaliwa, isipokuwa picha moja ya familia iliyokatizwa na upepo, ambayo ilipigwa upya siku nyingine. Malipo ya chuo yalirejesha mkopo wa kikundi na kununua mwavuli mwingine, na chuo kimemwita tena.

Uchambuzi

Kosa la gharama lilikuwa katika mpangilio wa maswali. Alianza na flashi, kwa kuwa ndiyo inayoonekana na ndiyo inayozungumzwa, na triga ikaja mwishoni kama kitu kidogo cha kujazia. Ilipaswa kuanzia juu ya kamera: je, ina kigusio cha katikati, ni triga ipi inayoifyatua, na ni flashi ipi inayoitikia triga hiyo? Kama angefuata njia hiyo, triga na TT600 kwa 560,000, betri na chaja kwa 110,000, na stendi, kishikio na mwavuli kwa 135,000 vingefika 805,000. Angebaki na 45,000 za bafta, mabomba na mifuko ya mchanga, bila mkopo, na flashi ya pili ingesubiri kazi iliyofuata. Kwa ajili ya picha za ukumbini taa moja na jopo jeupe vingetosha, ikiwa ukuta ungepakwa rangi hafifu au kuwekewa kitambaa cha kijivu.

Majaribio ya dukani yasiyotumia kamera ya mnunuzi, au angalau ya aina ileile, hayathibitishi chochote. Kwa mtu aliye mbali na Kampala, ambaye kurudisha boksi ni safari nyingine ya basi, video ya majaribio inapaswa kuwa sharti la malipo. Muuzaji anayekataa anastahili kuachwa bila ugomvi.

Kilichofaulu zaidi ni ule utaratibu wa kutenganisha viungo. Ulichukua chini ya saa moja na ulimzuia asinunue flashi nyingine au kumshutumu muuzaji kwa kosa ambalo halikuwa lake. Sawa na hilo ni uamuzi wa kuhamisha kundi kivulini. Wapiga picha wengi vijana huona aibu kumwambia mteja ahamishe bango, kisha hutafuta flashi kubwa zaidi ya kushindana na jua. Hapa maelezo mafupi na ya heshima yalifanya kazi ya taa ambayo ingegharimu mara kadhaa ya bajeti yake.

Kuanguka kwa stendi kulitokana na kuutumia mwavuli nje kwa haraka. Mwavuli kwenye stendi nyepesi hushika upepo kama tanga, na hakuna kufunga skrubu kunakobadilisha hilo. Sheria anayoifuata sasa ni kwamba nje mwavuli haufunguliwi mpaka mfuko wa mchanga uwe umening'inia kwenye stendi au mtu awe ameishika, hata kwa picha moja.

Udhaifu mmoja bado haujatatuliwa. Mfumo wake wote unapita kwenye triga moja. Ikiharibika katikati ya harusi, TT600 haiwezi kuwaka juu ya kamera yake, na Yongnuo haziwezi pia. Kwa sasa akiba yake ni S2 na flashi ya kamera iliyofunikwa karatasi, njia ambayo hufaa ndani tu. Kwa sababu hiyo kifaa kinachofuata katika orodha yake ya manunuzi ni X2T ya pili, kabla ya flashi nyingine yoyote.